Bushi za Mabeseni

Saa mbili na robo asubuhi mashine ya kukoboa mpunga ya dada yangu pale Kibaoni ilinyamaza. Ilikuwa katikati ya mavuno, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Bushi zilikuwa zimekwisha, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye kapulingi kati ya injini na mashine ili kupokea mtikisiko. Mjini Mpanda hazikuwepo, na za kuagiza zingekuja na treni kutoka Tabora, siku isiyojulikana. Dada alikuwa mjane na mashine ndiyo ilikuwa shamba lake. Mwenye mashine ya pili pale Kibaoni alikuwa amekwisha kuanza kuwaita wateja.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiyeyusha plastiki nyumbani kwangu Ilembo, kisha naivunja kwa makusudi nione inavunjikaje. Beseni lililoyeyushwa likaganda ni gumu, ila ufa ukianza hausimami. Ukichanganya chembe za mpira, ufa hukimbia mpaka kwenye chembe, hapo hukwama. Chembe zikizidi, kipande hubonyea chini ya mzigo. Kipimo kilichonifaa ni kopo moja la mpira kwa manne ya plastiki.

Nilikwangua tyubu ya lori kwa tupa, nikachanganya na mabeseni yaliyopasuka, nikamimina kwenye vipande vya bomba. Fundi wa makatambuga, vile viatu vya matairi, Msukuma aliyekuwa na kibanda jirani, alikuja kuchungulia.

"Nyie, mwaka huu mnapika tairi?"

"Kaa hapo hapo, utapewa supu," dada akamjibu.

Bushi zilifanya kazi. Nilipoondoka nilimwachia dada kipimo, nikamwambia: "Mpira uwe safi."

Zilipoanza kulika alitengeneza nyingine mwenyewe. Tyubu hakuwa nayo, akamwendea yule fundi jirani kuomba mabaki ya matairi.

"Ni safi lakini?"

"Safi kuliko sahani zako, mama. Haya yameogeshwa kwa sabuni."

Hakuwa anatania. Tairi haikatiki kwa kisu kikavu, kwa hiyo wakata makatambuga huchovya kisu kwenye povu la sabuni, nacho huteleza. Mabaki yote hubaki na utando wa sabuni iliyokauka. Dada aliyasaga, akapima kopo moja kwa manne, akamimina. Kwa macho, bushi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Alizigonga kwa nyundo kama nilivyomwonyesha, hazikupasuka.

Lakini nyundo hupiga mara moja, injini hupiga kutwa. Siku ya pili bushi zilipasuka kwa pamoja, pini ya kapulingi ikachomoka na kumpiga dada mkono wa kulia.

Nilipofika niliokota vipande kabla ya kwenda hospitali. Katika bushi zangu zilizolika, mahali penye ufa chembe zenyewe zilikuwa zimechanika: ziliishikilia plastiki mpaka mwisho. Katika zake, utando wa sabuni uliizuia plastiki kuzishika chembe; zilichomoka nzima, zikaacha vishimo laini kama vya dengu zilizotolewa kwenye udongo. Chembe isiyoshika haizuii ufa. Ni tundu tu, na ufa huruka kutoka tundu moja hadi jingine.

Nilimkuta kitandani, mkono umefungwa ubao.

"Ulisema safi, kaka."

"Nilisema."

"Sasa safi ya sabuni na safi yako zina tofauti gani?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole vitatu havikukunjika tena, na mashine ile huwezi kuilisha mpunga kwa mkono mmoja. Bushi za Tabora zilifika mavuno yamekwisha, na wateja walikuwa wamezoea kwa yule mwenye mashine ya pili. Yeye ndiye aliyeinunua mashine ya dada. Dada alikuwa ameinunua kwa laki nne, akaiuza kwa laki moja na sabini. Pamoja na elfu thelathini za matibabu na nauli, hasara ilikuwa shilingi laki mbili na elfu sitini.