Kobe wa Pili

Haya nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu mawili, nikiwa mzima, sina homa wala sijaonja kitu. Najua wapo watakaosema ni maneno ya wapiga picha, maana sisi tunasifika kwa kupamba. Waache waseme. Ile kamera niliishika mwenyewe, na mwenzangu mmoja naye aliishika, na picha zilizotoka ndani yake zimo katika nyumba za watu mpaka leo.

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo Kirumba, hapa Mwanza. Mwanamke kuwa mpiga picha wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza watu, lakini nilikuwa na faida moja ambayo wanaume hawakuwa nayo. Kwenye harusi za Waislamu niliingia mpaka chumba cha ndani kabisa, nikampiga picha bibi harusi pamoja na shangazi zake bila mtu kuhangaika kujifunika. Kazi hiyo ilinipeleka Magu, Sengerema, hadi visiwani.

Wapiga picha wa mjini karibu wote tulitumia kamera ya aina moja. Ilitoka Ulaya, ya chuma, nzito, nasi tulimwita Kobe kwa ajili ya lile gamba lake, na kwa sababu hakujua kufa. Aliangushwa, alilowa, aliingia vumbi la kiangazi, na kesho yake yuko kazini. Halafu kiwanda kikaacha kumtengeneza. Hakuna aliyetuambia. Tulijua siku vipuri vilipokwisha, na mwenye duka akasema msije tena kuuliza, havitakuja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba ilishuka kwa marobota, redio za kila namna, kamera za plastiki nyepesi kama sahani za sherehe, mashine za kutoa picha za rangi kwa saa moja. Kila kitu kiliingia Mwanza isipokuwa tulichokitaka sisi. Tulimtaka Kobe mwingine.

Aliyesubiri kuliko wote alikuwa Sospeter. Huyu alikuwa akiwapiga picha abiria pale gatini, mtu mpole, nadhifu, shati lake halikukosa pasi. Alikiandikia kiwanda barua kwa Kiingereza cha shule, akazituma kwa rejista. Asubuhi tukinywa chai pamoja alikuwa akisema, "Kobe wa pili yuko njiani. Kitu kizuri namna ile hakiachwi bila mrithi."

"Nani kakwambia?" tulimuuliza.

"Hakuna. Ila fikirini wenyewe."

Tulimcheka, lakini naomba uniamini, kila mmoja wetu akirudi studio kwake alifikiri. Ukifanya kazi na kifaa kimoja miaka kumi, unakuwa umekijua kama unavyojua sauti ya mtu wa nyumbani. Kuambiwa hakitakuwa na mwenzake ni kama kuambiwa kazi yenyewe imefika mwisho.

Sasa, Jumamosi moja ya masika nilipanda meli kwenda Nansio, kisiwani. Mfanyabiashara mmoja wa pale alikuwa anamwoza binti yake, Zuhura. Nikaha ilikuwa Jumapili, na Jumamosi alasiri wanawake walikusanyika kumpaka hina. Dada yake mfanyabiashara, Bi Mwajuma, ndiye aliyenipokea. Alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hizi za hina ni nyongeza," alisema. "Nimekuita kwa ajili ya mama. Kesho sijui kama ataiona. Anataka picha moja na mjukuu wake, basi."

Bibi alikuwa amelala chumba cha ndani, mwembamba kama khanga iliyokunjwa. Zuhura akakaa kitandani karibu naye na mikono yake iliyopakwa hina, haigusi kitu. Nikafunga flashi, nikapima, nikabonyeza. Kobe hakulia. Nikavuta mkono wa filamu, ukagoma. Shata, kile kipazia cha kupitishia mwanga, ilikuwa imekwama. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kunifanyia hivyo, na kamera ya akiba sikuwa nayo.

Niliwaambia naenda kurekebisha kitu kidogo, nikatoka nje kwa mlango wa nyuma ili wasione uso wangu. Jua lilikuwa limeshuka, adhana ya magharibi ilikuwa bado. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na duka lililofungwa, milango ya mbao imepauka, na barazani alikaa mwanamume mtu mzima aliyevaa koti la kaki, mkoba wa ngozi miguuni.

"Shikamoo," nilimwamkia.

Hakuitikia. Nilisubiri marahaba, haikuja. Alitazama mikono yangu tu.

"Shata imekwama," alisema.

"Imekwama, mzee. Na ndani kuna mgonjwa ananisubiri."

Akafungua mkoba, akatoa kamera, akaiweka juu ya goti. Nilisogea karibu. Alikuwa Kobe, lakini si Kobe. Gamba lilelile, ila jeusi na mabega ya mviringo, mepesi kuliko ya wangu. Mkono wa kuvutia filamu walikuwa wameuweka pale ambapo sisi sote tulikuwa tukisema siku zote ungefaa kuwekwa. Na mbele, chini ya jina la kiwanda, palichongwa namba mbili.

"Umeinunua wapi?" niliuliza.

"Hainunuliwi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyechoka. "Ndani kuna filamu, nyeusi na nyeupe. Mimi nimeshapiga kumi na mbili. Zilizobaki zitumie wewe. Nikikupa, kazi yangu utaimalizia?"

"Nitaimalizia, mzee."

Niambie, wewe ungejibu nini? Bibi anasubiri ndani, mwanga unakwisha, na kitu ulichokiota miaka kiko mbele yako. Sikuuliza ni kazi gani. Sikuuliza hata jina lake.

Kobe wangu nilimtia mkobani mwangu, nikarudi ndani mbio. Flashi yangu ilikaa juu ya kamera ile kana kwamba zilizaliwa pamoja, na shata ililia kwa sauti ndogo, safi, ambayo bado naisikia. Nilipiga tatu. Kabla ya ile ya nne, Bibi aliinua kichwa, akaitazama kamera, kisha akanitazama mimi.

"Bado anazunguka nayo?" aliuliza.

"Nani, Bibi?"

"Bwana Picha. Alitupiga mimi na babu yao, siku ya Idi. Tulilipa, picha hatukuiona."

Wanawake wakamtuliza, wakasema ni homa. Mimi nikamaliza haraka, nikatoka na kamera mkononi. Baraza lilikuwa tupu. Niligonga ule mlango uliopauka mpaka Bi Mwajuma akanifuata.

"Hapo unamgongea nani?" aliniuliza. "Hapo hapakai mtu tangu mimi binti."

Akanieleza. Duka lile lilikuwa studio ya mpiga picha mmoja, watu wakimwita Bwana Picha. Siku moja alipanda mtumbwi kwenda Mwanza kusafisha filamu za watu wa kisiwa, maana hapa dawa zilikuwa zimemwishia. Upepo uliwakuta kati. Wenzake walionekana. Yeye na mkoba wake hawakuonekana.

Nilimwonyesha kamera. Hakuigusa. Alisema, "Picha za mama zimo humo?" Nikasema zimo. "Basi huna la kufanya. Nenda nazo."

Usifikiri sikujaribu kuiacha. Usiku ule nilitaka kuirudisha filamu nyuma niitoe, kamera niiweke pale barazani, lakini kifundo cha kurudishia hakikuzunguka hata kidogo. Kesho yake nikapiga nikaha nayo, na Jumatatu nikapanda meli. Ilikuwa imebaki picha moja tu.

Sospeter alikuwa gatini kama kawaida yake. Nilimpa tu aishike. Aliigeuza, akasoma namba, akafuta vidole vyake kwenye shati, lile shati lake la pasi, halafu akaishika tena.

"Mimi niliwaambia," alisema polepole. "Yupo. Niliwaambia yupo."

Aliniomba nisimame mbele ya meli, akanipiga ile picha ya mwisho. Nilimwahidi kwamba nikishaitoa filamu nitamwachia kamera wiki nzima.

Nilikwenda studio, nikajifungia katika chumba cha giza. Ilikuwa saa sita mchana, nje watu wanauza ndizi, ndani hata mkono wako huuoni. Nilifungua mgongo wa kamera ile, na safari hii haikugoma. Nikatoa filamu, nikaizungusha katika kopo la kusafishia, nikafunga, nikawasha taa. Juu ya meza palikuwa na Kobe wangu wa zamani, yule mwenye mkwaruzo ubavuni. Nikafungua mkoba wangu nilimokuwa nimemtia, mtupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani.

Nikachukua dawa, nikaisafisha filamu.

Filamu ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kusafisha. Harusi yote ilikuwemo, na mimi mbele ya meli. Na mwanzoni zilikuwepo kumi na mbili ambazo sikuzipiga: watu wa kisiwa katika nguo za zamani, vijana wenye suruali za bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, mama na mapacha, mwalimu na baiskeli mpya. Katika ya tano alikaa Bibi, hajazeeka, kipini puani, na mwanamume pembeni yake.

Sospeter alikuja jioni kuichukua kamera. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua picha aliyonipiga, akaitazama sana.

"Hii niliipiga mimi," alisema. "Kwa mkono huu."

"Ni wewe."

"Basi iko wapi?"

Alifikiri nimeiuza, au nimeificha ili nifanye kazi peke yangu. Hakunitukana, hakuwa mtu wa matusi. Aliacha tu kuja kunywa chai. Baadaye niliambiwa kwamba alikiandikia kiwanda tena, akaambatanisha ile picha kama ushahidi, na kwamba safari hii walimjibu: kamera ya namna hiyo hawajawahi kuitengeneza, wala hawana mpango huo.

Kobe wangu alipona, lakini alipona kwa namna yake. Kila filamu ikifika picha ya kumi na mbili, anakwama. Nilimfungua, nikampaka mafuta, nikabadilisha filamu, bure. Wiki iliyofuata nikampelekea Bibi picha zake, ile ya Zuhura na ile ya siku ya Idi. Aliilaza ya Idi kifuani, akasema, "Huyu alikuwa na wivu, tazama anavyonibana." Alifariki siku tatu baadaye. Nilipokuwa narudi niliwapiga picha abiria melini, na Kobe alikwama kwenye kumi na tatu.

Hapo nilielewa kazi niliyoikubali ilikuwa ipi.

Ilinichukua karibu miaka miwili kuwatafuta wenye zile picha. Bi Mwajuma alinisaidia, yeye aliwajua watu. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, nikawapa watoto wao. Kijana mmoja wa bugaluu nilimkuta Kiseke, mzee mwenye kipara, anajenga nyumba. Alicheka alipojiona, halafu akakaa juu ya tofali. Aliyekuwa amesimama naye katika picha alikuwa ndugu yake, na sura yake alikuwa ameanza kuisahau. Kwa kila picha niliyoifikisha, Kobe alinipa moja zaidi. Nilifikisha kumi na moja.

Ya kumi na mbili ninayo. Ni mwanamke kijana mwenye gauni la maua, anacheka, anamtazama mtu aliyesimama nje ya picha. Nimeionyesha Nansio yote, nimeionyesha gatini, hakuna anayemjua. Pengine alikuwa mpita njia, mgeni wa Bukoba au Musoma. Kobe hapigi zaidi ya ishirini na tatu mpaka leo, si kwamba kuna anayemhitaji tena.

Nimefikiri sana habari ya kamera ile. Sisi tuliokuwa hai tulimsubiri Kobe wa pili hatukumpata, na aliyempata ni marehemu aliyekuwa bado ana kazi ya watu mkononi. Sijui maana yake. Sospeter yuko Nyegezi siku hizi, ana duka la vifaa vya ujenzi, na tukikutana msibani anaitikia salamu yangu vizuri, halafu ananitazama kidogo zaidi ya inavyostahili. Najua swali lake.

Lakini jambo moja linanikosesha raha kuliko hilo. Studio yangu niliifunga, na siku nilipohamisha vitu nilikuta kasha la picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Ni nyingi, za pasipoti, za ubatizo, za wachumba. Nilikuwa nikisema watakuja. Sasa kila wiki natoka na chache, naulizia Kirumba, naulizia Igoma, miguu inauma lakini natembea, kwa sababu sitaki kuja kukaa katika baraza la mtu jioni moja, mkoba miguuni, nikimngoja kijana asiyenijua apite.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye kazi za watu, usilale nazo. Na wewe mwingine, kama uliwahi kupigwa picha Kirumba miaka ile, na mwanamke, na ukaondoka ukisema utarudi, basi rudi. Njoo uichukue ningali hai.