Uzio wa Minyaa

Kwetu, kusini mwa Migori, si mbali na ziwa, mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa uzio wa babu yangu. Babu aliupanda kwa minyaa, ile miti ya utomvu mweupe unaochoma macho, kwa sababu ng'ombe wa jirani walikuwa wanammalizia mtama. Habari za mataifa hakuwa nazo. Lakini nguzo ya serikali iliyokuwa karibu ilikuwa imemezwa na vichaka, watu walihitaji kitu cha kuonyesha kwa kidole, na uzio ule ulikuwa mrefu na umenyooka. Basi ukawa mpaka. Askari waliofuatilia ng'ombe wa wizi walisimama hapo. Naibu wa chifu alipofika kwenye minyaa aligeuza baiskeli. Mbuzi akipenya, tulisema ameenda Tanzania, na aliyemfuata tulimuuliza ametuletea nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Homa Bay, na kila mwaka hufika siku ya kuwaeleza watoto jinsi nchi yetu ilivyopata umbo lake. Nawaambia Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao Ulaya, wakavuta mstari kutoka ziwani hadi baharini, wakaupinda mlimani Kilimanjaro, kisha wakaenda kula. Kila mwaka nikifika hapo hasira hunipanda, ingawa najua shule ninayofundisha, kitambulisho changu na mshahara wangu vyote ni matunda ya nchi hiyo hiyo iliyokatwa kwa rula.

Sasa serikali zetu mbili ziliamua kusafisha mpaka na kuongeza nguzo mpya kati ya zile za zamani. Wapima ardhi wakaja na mashine zao, wakakuta mstari haupiti kwenye minyaa ya babu. Unapita chini zaidi, upande wetu, katikati ya boma la marehemu baba. Nyumba ya mama ilikuwa Tanzania.

Mama alinipigia simu, nikapanda gari kwenda nyumbani siku hiyo hiyo, nikiwa nimepanga maneno makali. Nilimkuta amekaa mlangoni na wapima wawili wamesimama mbele yake. Mmoja alikuwa wa kwetu, mwingine wa upande wa pili.

"Mama, hii nyumba iko ndani ya laini," alisema wa kwetu. "Hapa hatutaki jengo. Songa tu hapo chini kidogo."

"Chini wapi?" mama akamuuliza. "Hapo chini iko simba ya kijana yangu. Unataka mimi nilale chini ya kijana yangu?"

Yule bwana alinitazama kama anayeomba mkalimani. Nikamweleza. Boma la Mjaluo lina mpangilio wake. Nyumba ya mama hukaa juu, ikitazama lango, na simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, hukaa chini karibu na lango. Kati ya mstari wao na simba yangu hapakutosha hata banda la kuku. Nafasi iliyobaki ilikuwa chini ya simba, na mama hajengi chini ya mwanawe. Wala hakuweza kwenda kuanza boma pengine, kwa sababu mjane haanzishi boma. Huanzishwa na mumewe, na wa mama alikuwa amelala pale kando ya nyumba, kaburini, naye sasa akihesabiwa kuwa yuko Tanzania.

Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti yule wa pili alipoinama kidogo. "Shikamoo mama. Tunakuomba radhi sana kwa usumbufu huu. Kaburi la mzee halitaguswa, hilo nakuhakikishia. Nyumba ndiyo mtihani." Ni vigumu kumfokea mtu mwenye adabu kama hiyo. Maneno yangu makali niliyameza.

Walipoondoka nikamwambia mama jambo ni rahisi, nitabomoa simba yangu ajenge pale pale. Nilidhani atashukuru. Badala yake aliwaka.

"Ubomoe, na boma huna?" aliniambia kwa Kijaluo. "Utakuwa mtu wa wapi? Homa Bay unalala kwa nyumba ya mtu."

Alikuwa amenishika pabaya. Mimi ndiye kifungua mimba. Kwa umri wangu nilipaswa niwe nimetoka zamani kwa baba na kuanzisha boma langu, lakini kila mwaka nilikuwa na sababu: karo, mabati, mvua. Simba ile yenye ufa ukutani ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichosema nina kwetu. Mama alikuwa radhi matingatinga yamkute kitandani kuliko kuning'oa mimi. Hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Baba mdogo aliitwa. Alisikiliza, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ilibidi serikali mbili zije na mashine ndipo utoke kwa mama yako," akasema. Ikawa ndiyo hukumu.

Tulitoka asubuhi kwenda kwenye shamba nililoachiwa na baba, kule chini karibu na barabara. Baba mdogo alitangulia badala ya baba, nami, kama desturi ya kuanzisha boma inavyotaka, nikabeba jogoo, mwanangu mkubwa akabeba shoka, na mke wangu, mtu wa Kendu Bay asiyependa mambo ya haraka, akabeba moto huku akilalamika moshi. Kufikia jioni kijumba cha mabati kilikuwa kimesimama. Tulilala humo, na mimi nikawa mtu mwenye boma.

Baada ya hapo simba ilibomolewa bila mtu kulia, na mama akajengewa pale iliposimama. Siku ya kuvunja nyumba yake ya zamani yule mpima wa Tanzania alikuja tena. Mama alimshika mkono.

"Mzee yangu amebaki kwako," alimwambia. "Usiache ng'ombe ikanyage yeye."

"Nitamwangalia, mama," alijibu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Alinipikia omena kwa kuni mbichi, tukaongea, na mvua ikaanza kunyesha kwa fujo. Nyumba yake mpya haina tatizo lolote. Nikasema nitalala, nitaondoka kesho. Nilisema bila kufikiri, kama nilivyokuwa nikisema maisha yangu yote.

Mama alinitazama kwa huruma. Aliyekwisha kutoka na kuwa na boma lake halali tena katika boma la mama yake. Nilikuwa najua hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kulitia katika hesabu.

"Nenda nyumbani, wuoda, mwanangu," akasema, na kunipa gunia la plastiki nijifunike.

Alinisindikiza hadi langoni, akasimama upande wake huku mvua ikimlowesha. Nilitamani aniite nirudi. Hakuniita, na mimi nilijua nisigeuke.