Mashine ya Tata Iliyokataa Chaji

Tata, dada mkubwa wa mama yangu, alipoteza macho akiwa na miaka arobaini na mbili. Ugonjwa ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia, na kwa muda wa miaka mitatu hivi akawa haoni hata mwanga wa dirisha. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi huko Kalimoni. Alipostaafishwa alihamia Gatongora, upande wa Ruiru, katika nyumba ya vyumba viwili, nami nikatumwa kutoka nyumbani nikakae naye. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimepata kazi katika kiwanda cha nyuzi mjini Thika.

Nilidhani nimetumwa kumtunza. Wiki ya kwanza tu nikagundua ni yeye anayenitunza. Alinipikia, akanifulia ovaroli, na nikisahau kitu alijua nimekiacha wapi.

Shida yake ilikuwa moja: vitabu. Mwanamke huyo alikuwa amesoma maisha yake yote, na sasa ukurasa ulikuwa kitu cha kupapasa tu. Basi maktaba moja ya vitabu vya kusikiliza ikampa mashine. Ilikuwa kama redio kaseti, nzito, rangi ya kijivu, yenye vitufe vikubwa vilivyowekewa alama za kugusa. Ndani yake mlikuwa na betri ya kuchajiwa, kwa hivyo Tata aliweza kuibeba mpaka nje, akaketi kando ya ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, na kusikiliza. Vitabu vilikuja kwa posta, kaseti kumi au kumi na mbili ndani ya sanduku la plastiki.

Siku mashine ilipokataa chaji, Tata alikuwa kwenye kaseti ya nne ya riwaya moja ndefu ya Kiingereza. Mwanamke mmoja alikuwa amefika stesheni ya gari la moshi kumtafuta dada yake, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu utotoni. Hapo sauti ikaanza kuvuta, ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, ikanyamaza. Tukachomeka chaja siku nzima. Hakuna kitu.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio pale Ruiru, Tata akiwa amenishika bega. Fundi hakumtazama. Akaniuliza mimi, "Huyu mama yako anataka kusikiliza nini hasa?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Hakumuuliza. Alikaa na mashine wiki mbili. Tuliporudi akanipa jibu lake: "Betri imekufa. Na hii aina huwezi kupata hapa Kenya. Mwambie anunue redio ya kawaida."

Nyumbani Tata aliiweka mashine juu ya mapaja, akapitisha vidole chini yake polepole.

"Screw zilikuwa sita," akasema. "Sasa ziko tano."

Kisha akaniambia nichomeke chaja, na tukakaa. Baada ya muda akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kile kijisanduku cheusi cha chaja.

"Unasikia nini?"

"Ni baridi, Tata."

"Sawasawa. Ilipokuwa mzima ilikuwa inapata joto, kama yai limetoka saa hii kwa kuku. Hapo ndio nilikuwa najua inafanya kazi. Sasa ni baridi. Kwa hivyo aidha chaja yenyewe imekufa, ama stima inafika mahali inakwama. Betri inaweza kuwa imekufa, sikatai. Lakini huyo kijana hajui. Alikisia."

Nilimtazama. Mimi niliyekuwa na macho mawili nilikuwa nimeshaanza kuwaza jinsi ya kuirudishia maktaba mashine yao.

Kiwandani, dada mmoja tuliyefanya naye kazi aliniambia kuna mama pale Thika, karibu na Majengo, anayetengeneza redio. "Mama?" nikauliza. "Mama, na buibui yake. Alirithi kazi kwa baba yake. Wanaume wanamletea vitu vimewashinda."

Jumamosi iliyofuata tukaenda. Kibanda chake kilikuwa na upana wa kitanda, kimejaa redio mpaka darini, na kilinukia moshi wa risasi ya kulehemu. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Tulipoingia akaondoa amplifaya iliyokuwa juu ya kigoda, akamwongoza Tata aketi, na neno la kwanza baada ya salamu alilielekeza kwake.

"Haya mama, niambie. Ilianza vipi?"

Tata akamweleza yote: sauti iliyovuta, chaja baridi, screw moja iliyopotea. Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akatabasamu.

"Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Wa hesabu."

"Ndio maana. Watu huniletea kitu wananiambia 'imeharibika', basi. Wewe umenifanyia nusu ya kazi, mwalimu."

Akachukua mita yake yenye sindano, akapima chaja. "Chaja ni mzima." Akasema bismillahi, akaanza kufungua, na kila alichofanya akakitamka, ili Tata asiachwe nyuma. "Nimetoa screw ya kwanza... ya tano. Sasa nainua mgongo. Kuna vumbi. Betri iko hapa, hii hapa, shika. Sasa hili ndilo tundu la kuchomekea chaja. Lete kidole, mwalimu. Sukuma kidogo."

Tata akasukuma. Uso wake ukabadilika.

"Linacheza!"

"Linacheza. Risasi iliyolishika imepasuka. Ukichomeka, stima inafika mlangoni, haiingii."

Akapasha moto chuma chake, akalehemu lile tundu. Akachomeka chaja, wakangoja wote wawili, viganja vyao juu ya kile kijisanduku, kama watu wanaopima homa ya mtoto.

"Bado," akasema fundi.

"Ngoja," akasema Tata. Kisha: "Hapo. Inaanza kupata joto."

Tulirudi Ruiru tukiwa na furaha. Tata aliichaji mashine siku nzima ya Jumapili, na Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilitarajia kumkuta mbali na ile stesheni ya gari la moshi. Nilimkuta anamenya viazi, mashine kimya kando yake.

"Imecheza dakika kumi na mbili," akasema. "Ikachoka tena."

Mimi nilikaribia kulia. Nilisema yule kijana wa Ruiru alisema kweli, betri imekufa, tumesumbuka bure. Tata aliendelea kumenya, akaniita kairitu, yaani binti, kama kawaida yake.

"Mwanzo ilikuwa inacheza dakika sifuri, kairitu. Sasa ni kumi na mbili. Hiyo si bure. Imetuambia kitu."

Jumamosi tukarudi Thika. Fundi aliposikia zile dakika kumi na mbili alivua miwani.

"Hilo ni kosa langu, mwalimu. Nilifurahia tundu nikasahau kupima betri. Imekaa tupu wiki nyingi sana. Niwie radhi."

Sikuwa nimewahi kusikia fundi akiomba radhi. Nadhani hata Tata hakuwa amewahi. Akaisukuma mashine kuelekea kwake, akasema, "Haidhuru. Fungua tuone."

Betri yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa ngozi ya plastiki. Fundi aliipasua kwa wembe, na ndani mkawa na mawe manne, kama ya tochi, yameunganishwa kwa vibati vyembamba. Akayapima moja moja huku akitaja majibu. Matatu yalikuwa na uhai. La nne lilikuwa limekufa kabisa, na ndilo lililokuwa likiwavuta wenzake chini.

"Kwa hivyo si betri yote," akasema Tata.

"Si betri yote. Ni huyu mmoja."

Ilibaki kutafuta jiwe la kuchukua nafasi yake. Fundi akashusha kasha la mbao lililokuwa na mabaki ya kila aina. Alijaribu jiwe moja, likawa nene. La pili lilikuwa na kutu. Akatoka, akaenda kwa jirani yake aliyekuwa akiuza vyuma na vitu vilivyokwisha kazi, akarudi na tochi ya kuchajiwa iliyopasuka kioo. Ndani yake lilikuwamo jiwe la kimo kile kile. Akalipima, akalipima tena, safari hii bila haraka, akalilehemu kwa mguso wa mara moja tu ili lisiungue. Akafunga yote kwa utepe mweusi, akarudisha mgongo wa mashine, na akatafuta kwenye kopo screw ya sita. Ilikuwa ya rangi tofauti na zile nyingine, lakini iliingia.

Tuliiacha kwake ichajiwe, na Jumamosi nyingine tulipoingia akampa Tata mashine mikononi. "Nimeipima. Lakini mimi sitasema imepona. Utasema wewe."

Tata akabonyeza kitufe. Ile sauti ya msomaji wa Kiingereza ikatoka, safi, imesimama wima, na mwanamke wa riwaya akashuka garini pale stesheni. Tata alifumba macho yake, jambo ambalo hakuwa na haja ya kulifanya.

Fundi hakujua Kiingereza kingi. Baada ya muda akauliza, "Anasema nini?"

Tata akasimamisha kaseti, akamtafsiria. Kisha akaiwasha, akaisimamisha, akatafsiri tena. Aliingia mteja mwenye pasi mkononi, akaambiwa angoje kidogo, akangoja kweli. Wa pili akaegemea mlango. Kaseti ya nne yote ilisikilizwa pale kibandani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha Tata, mpaka upande wa pili ukaisha.

"Na huyo dada alipatikana?" fundi akauliza.

"Hata mimi sijui. Bado kaseti saba."

"Basi mwalimu, Jumamosi uje. Usiniache hivi."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi Tata alivaa rinda lake la kwenda kanisani, tukaenda Thika, na wakati mimi nazunguka sokoni yeye alibaki kibandani na mashine yake. Siku moja niliporudi nilimkuta fundi amekasirika. Alikuwa akiviringisha upya waya wa transfoma, waya mwembamba wa shaba ambao lazima uhesabiwe kila mzunguko, na hii ilikuwa mara ya tatu mteja kumwita akapoteza hesabu.

"Nipe mimi," akasema Tata.

Fundi alimtazama, kisha akatazama ule waya. Hakusema kwamba haiwezekani. Alimwekea mbele yake kigurudumu cha mkono cha kuviringishia waya, akamwonyesha kwa vidole waya unapita wapi, uvutwe kwa nguvu gani, safu moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mizunguko mia nane na arobaini.

Nilisimama pale nikaangalia. Mkono wa kulia ulizungusha, kidole gumba cha kushoto kiliulaza waya ubavuni mwa mwenzake, safu baada ya safu, laini kama nywele zilizosukwa. Mtu akaingia akapiga kelele kuhusu redio yake. Tata hakugeuka. Mwingine akamsalimu kwa heshima, naye akasimamisha mkono, akakibana kidole juu ya waya, akaitikia salamu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaendelea pale pale alipoachia. Alipomaliza fundi alifunga transfoma ile, akaipima, akaitazama sindano ya mita kwa muda mrefu.

"Subhanallah," akasema polepole. "Imekuwa sawa kuliko zangu."

Siku hiyo nilimuuliza Tata anahesabuje bila kupotea. Akaniambia anawaingiza watoto darasani. Arobaini wakishakaa, anafunga mlango, anafungua darasa la pili. Na si watoto wa kubuni. Ni wale aliowafundisha mwenyewe, na kila mmoja ana sura yake na dawati lake.

Dada wa riwaya alipatikana, kwenye kaseti ya kumi, na fundi alilia bila kujificha. Baada ya hapo kulikuwa na vitabu vingine. Na kulikuwa na kazi. Tata alienda Jumanne na Jumamosi, baadaye siku nne kwa wiki, na siku za kazi nilimwacha kibandani nikielekea kiwandani. Aliviringisha transfoma za redio, za vipaza sauti vya makanisa, na mara mbili za msikiti wa pale karibu. Mafundi wa kiume kutoka mitaa mingine walianza kumletea zao, wengine wakiuliza mlangoni, "Mwalimu yuko?"

Walikaa hivyo karibu miaka sita. Mwishoni mwa miaka hiyo fundi alilazimika kurudi Pwani kumuuguza mama yake, na kibanda akamwachia binamu yake aliyekuwa akiuza viatu. Alimletea Tata kile kigurudumu mpaka Gatongora, akakifunga mwenyewe kwa boliti juu ya meza ya chakula. Walikunywa chai, wakazungumza mambo ya kawaida, bei ya sukari na mvua. Fundi alipoondoka, Tata alizipapasa boliti za kigurudumu moja moja. Kisha akaniuliza waya wa shaba nimeuweka wapi, kwa sababu kulikuwa na mtu wa Juja aliyekuwa akingoja transfoma yake.