Kura ya Samaki

Mume wangu alikuwa akiparua samaki kwenye beseni letu la kuogea. Naanza na hilo ili ujue mapema niko upande gani. Tulipanga fleti upande wa mashariki wa jiji la Saint Paul, huku Marekani. Mimi nilikuwa nikihudumia wazee, yeye akifanya kazi hospitalini, na kila Jumamosi aliyopewa mapumziko alikwenda ziwani akarudi na ndoo. Jumapili nilikwenda kanisani nikinuka magamba.

Wala hakuzaliwa karibu na maji. Kwao ni mlimani, kwenye mahindi na viazi, na kabla ya kuja Marekani hakuwahi kushika ndoana. Ila mgeni akikipenda kitu cha watu, hukipenda kuwashinda wenyewe.

Mwaka tulioapishwa kuwa raia, jimbo likaamua kuwauliza wapigakura kama uwindaji na uvuvi uandikwe kwenye katiba, uwe urithi wa kulindwa milele. Nilidhani ni mzaha. Mume wangu alisoma habari ile amesimama wima.

"Mama watoto," akasema, "hii ikipass, hilo beseni litakuwa limelindwa na katiba."

"Na mimi nitalindwa na nani?"

"Wewe utakula samaki."

Nikaamua palepale kwamba nitapiga hapana, ila sikumwambia. Kura yangu ya mwisho kule kwetu, kabla ya kuhama, ilikuwa ya mlolongo, ile ya kujipanga nyuma ya picha ya mgombea hadharani. Nilimtaka mwingine, lakini ami yake mume wangu alikuwa amesimama pembeni akitazama nani wa ukoo anakwenda wapi, nikajipanga alikotaka yeye. Jua liliniwakia na aibu ikaniwakia zaidi. Safari hii nilitaka kura iwe yangu, hata kama ni ya samaki tu.

Mume wangu naye alikwishaanza kampeni. Kila Jumamosi jioni, badala ya kunywa chai kwa amani, tulifanya mazoezi ya kupiga kura jikoni. Alisimamisha ubao wa kupigia pasi, akautandika shuka, hicho kikawa kibanda. Binti yetu wa miaka tisa akawa karani. Karatasi alizichora mume wangu mwenyewe kwa rula, kila moja ina swali moja tu, la samaki. Jimbo lilikuwa linauliza pia kama cheo cha mhazini wake kifutwe, lakini huyo mhazini, alisema, ajitetee mwenyewe.

"Rule number one," alikuwa akitufundisha, kalamu mkononi. "Ukiacha swali la katiba bila jibu, inahesabiwa kama umesema hapana. Kuacha wazi ni nini?"

"Ni hapana," nikaitikia. Binti yetu aliitikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na akaomba aruhusiwe kwenda kutazama televisheni.

Jumanne ya kura ilipofika alivaa suti ya harusi yetu. Kituo kilikuwa katika ukumbi wa shule, na ndani ya kibanda hapakuwa na ami wala mume. Nilisoma karatasi mbele, nikaigeuza, nikawakuta samaki huko nyuma. Nikatia wino kwenye hapana, na nakiri nilitabasamu peke yangu.

Tulipokuwa garini tukirudi, nikamchokoza. "Huko nyuma ulitia wino vizuri?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya karatasi. Kwenye samaki."

Aliwasha indiketa, akaegesha gari kando ya barabara, akazima injini. Zile karatasi zake za jikoni hazikuwa na kitu nyuma. Alikuwa amewachagua wakubwa wote wa jimbo, akaiona karatasi imekwisha, akailisha mashine ya kuhesabia kura.

"Si uliniambia samaki wako mbele," akasema, ingawa sikuwa nimemwambia kitu. "Kuacha wazi ni hapana," akanong'ona.

Nilimwonea huruma kweli. Suti ilikuwa imemkaba shingoni na macho yalikuwa mekundu. Akanishika mkono.

"Ashukuriwe Mungu wewe uligeuza," akasema. "Angalau nyumba yetu imewapa samaki kura moja."

"Kura ni siri, baba watoto," nikamjibu nikitazama dirishani. Akacheka, akidhani namtania.

Samaki walishinda bila msaada wetu. Jumamosi iliyofuata aliwaparua wengine kwenye beseni lilelile, akakaanga, akaniwekea mimi kipande kikubwa kuliko vyote, kwa kuiokoa heshima ya nyumba. Alikaa mbele yangu akinitazama nikila. Nilikula polepole, nikiogopa miiba.