Keki Iliyonukia Moshi

Nilipiga simu kuagiza keki, nikapewa tanzia. Mama aliyeoka keki za nusu ya harusi za mji huu wa Garissa alikuwa amezikwa jana yake, baada ya swala ya alasiri. Aliyepokea simu ni binti yake, nami nilishikwa na haya, maana nilikuwa nimeanza kueleza rangi kabla hata salamu hazijakamilika. Nilimwombea marehemu rehema na maghufira. Ajabu ni kwamba badala ya machozi kilinijia kicheko, na wasomaji wangu mtanisamehe mkijua sababu yake.

Nilimfahamu miaka kumi iliyopita, binti yangu alipoposwa na kijana wa Takaba, kule kaskazini. Mimi ni mtu wa Pwani, mwalimu niliyeletwa huku na kazi nikanogewa. Kijana ni Msomali, mtoto wa wafugaji wa ngamia. Wazazi wake walikubali mapema. Aliyegoma ni bibi yake, ndiye aliyemlea, ambaye hakuelewa kwa nini mjukuu aache wasichana wa kwao aje kuoa ugenini. Alituma neno kwamba harusini atakuja kwa ajili ya mjukuu, ila chakula chetu hatakionja. Binti yangu alielewa maana yake: bibi asiyekula kwako hajakupokea. Alilia siku mbili.

Mimi nikaona dawa ni fahari. Nikaenda kwa mwoka keki na picha kwenye simu: keki nyeupe ya ghorofa tatu, ina nguzo na maua ya krimu, kama zile za Nairobi. Nilimkuta uani, ametia makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, namna aliyojifunza akiwa mkimbizi kambini Dadaab na ambayo hakuiacha hata baada ya kununua oveni. Simu yangu hakuitazama mara mbili.

"Mwalimu, hiyo bicha weka mfukoni. Krimu na jua ya Garissa haibatani," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Kwanza niambie, nani atakula?"

"Wageni mia tatu, mama."

"Wageni watakula bilau. Mimi nauliza ile mtu moja wewe unataka akule."

Nikamweleza habari za bibi. Akauliza anatoka wapi, amebaki na meno mangapi, amezoea maziwa ya namna gani. Nilijibu huku nimenuna, kwani sikwenda pale kuhojiwa juu ya meno ya wakwe. Alipotosheka aliniambia niende zangu nyumbani, keki ni kazi yake.

Siku ya harusi nilipoiona nusura nizimie. Mezani palikuwa na kitu kirefu cha kahawia, kina mistari ya msuko mwili mzima: umbo la kile chombo ambacho wafugaji hukisuka kwa mizizi, wakakifukiza kwa kijinga cha moto, kisha wakatilia maziwa ya ngamia. Nguzo hakuna, ua hata moja hakuna. Nilikuwa napanga maneno makali bibi alipoingia, ameegemea bega la mjukuu wake. Akasimama mbele ya meza akasema jambo kwa Kisomali, na kijana akatufasiria kwa aibu: "Anauliza nani ameacha chombo cha maziwa wazi hapa, kiingiwe na nzi." Kabla hatujajibu akafanya afanyalo kila mwanamke wa kwao: aliinama anuse kama kimefukizwa sawasawa. Akashika ukingo, na kidole gumba kikazama ndani.

Bibi alikitazama kidole, akakinusa, akakilamba. Keki ilikuwa laini, haihitaji meno. Ilikuwa na samli na iliki, na maziwa aliyokandia yule mama aliyafukiza kwanza kwa moshi, kama yanavyofukizwa Takaba. Bibi alicheka mpaka akatafutiwa kiti. Kisha akamega kipande, akamwita binti yangu akae ubavuni pake, akamlisha kwa mkono wake mbele ya watu wote. Yale maneno yangu makali niliyameza pamoja na kipande cha pili.

Tangu hapo nimekuwa nikizitazama kazi zetu kwa jicho la mama yule. Fundi cherehani anashona picha, hamshonei mvaaji. Wajenzi wanapandisha nyumba za vioo kwenye jua hili kwa sababu wameziona mahali. Sisi walimu tunamaliza silabasi, mwanafunzi tumemwacha njiani. Hata safu hii, nikisema kweli, kuna wiki naiandika ili tu nionekane najua Kiswahili. Kazi njema huanza kwa kumuulizia mtu atakayeitumia, na swali hilo halina gharama yoyote.

Lakini sijawamalizia habari ya ile simu. Nilipotaka kuikata, binti wa marehemu alinizuia. "Mwalimu, hujasema keki ni ya nini."

Nikamwambia ni ya mjukuu wangu, amehitimu Kurani, ila ingoje; wao wamo msibani.

"Itangoja wiki moja," alisema. "Na nani atakula?"

Rangi zote nilizopanga zilinitoka kichwani. Nikamwambia ni mtoto wa miaka minane, na kwamba anataka kipande cha kwanza ampe bibi wa Takaba, ambaye sasa hana hata jino moja.

"Basi nitafukiza maziwa," akasema, nami ndipo nikalia.