Nguvu Gawanya kwa Mchanga

Wakati habari za gesi zilipoanza kuwa gumzo Palma, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, mimi nilikuwa binti wa Quionga niliyemaliza darasa la kumi na mbili kwa kukariri. Nilichaguliwa kwenda kusomea ufundi chuoni Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Ila kwanza, sisi wapya ambao masomo yetu yalikuwa dhaifu tuliwekwa miezi mitatu pale Palma, tufundishwe upya hesabu na fizikia.

Mwalimu wetu alitoka kusini mwa nchi, mtu mpole, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Kila akimaliza kueleza huuliza kwa Kireno kama tumeelewa. Nasi sote: "Sim, professor!" Ndiyo, mwalimu! Mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sielewi kuliko wote.

Jaribio la kwanza nikapata mbili kati ya ishirini. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia nibaki baada ya kipindi, akaniomba nimweleze presha ni nini. Nikaitiririsha kanuni kama mtoto wa madrasa anavyosoma sura aliyoihifadhi. Akatikisa kichwa. "Hapana. Kwa maneno yako mwenyewe."

Nikairudia kanuni ile ile, neno kwa neno. Machozi yakaanza kunilengalenga.

Akatoka. Nikajua amekwenda kuandika barua nirudishwe nyumbani. Kumbe alikwenda jikoni. Alirudi na mama aliyekuwa akitupikia, mikono yake bado ina unga wa muhogo. Alikuwa mtu wa hapo hapo Palma, na Kireno alikipata kwa miaka mingi ya kupika hospitalini.

"Mwalimu anasema unieleze mimi, kwa Kiswahili," alisema akivuta kiti. "Nikielewa mimi, atajua na wewe umeelewa."

"Presha, mama, ni nguvu gawanya kwa mchanga."

"Mchanga upi, mwanangu? Huu wa pwani?"

"Sijui, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Akamtafsiria mwalimu. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akaandika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine: *área*, *areia*. La kwanza ni eneo, ukubwa wa mahali. La pili ndilo mchanga. Miaka yote ile nilikuwa nimeyafanya neno moja.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mama hakucheka.

"Ukijitwika ndoo ya maji bila kata, inakuwaje?"

"Kichwa kinauma."

"Na ukiviringisha kitambaa ukaweka kata?"

"Hakiumi sana."

"Maji yamepungua?"

"Hayakupungua…" Nikainuka kitini. "Mama! Uzito ni ule ule, ila kata imeulaza mahali papana! Eneo likiongezeka, presha inashuka!"

Nikaikimbilia chaki. Nilichora ndoo, nikachora kichwa, nikasema Kiswahili na Kireno mchanganyiko, na mama akanifuata kwa tafsiri mbio mbio huku mwalimu akirudia, "Isso! Isso!" yaani ndivyo hasa.

Tangu hapo, kila Alhamisi akishaosha vyombo, mama alikuja kukaa nasi darasani. Wenzangu nao wakaanza kufunguka. Mmoja hakuwa amewahi kuelewa hesabu za sehemu, kama nusu na robo. Mwingine, mkubwa wetu kwa umri, aliuliza kwa sauti ya chini namba inawezaje kuwa ndogo kuliko sifuri. Hakuna aliyemcheka. Mwalimu alinunua daftari, akawa anaandika maneno ya Kiswahili ambayo mama alimtajia, akiyatamka vibaya mno.

Nilikwenda Pemba. Mtihani wa kwanza wa fizikia ulipotoka, nilimpigia simu yule mama mpishi.

"Nimepata kumi na moja, mama."

"Kumi na moja ni nyingi?"

"Si nyingi. Lakini nimefaulu."

"Alhamdulillahi." Nikamsikia akimwambia mtu pembeni yake kwamba mtoto wake wa Pemba amefaulu. Kisha akarudi kwangu. "Na leo umekula nini?"