Vituo Viwili na Simu Moja

Ofisini hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Mzee Akiba, wala hakasiriki, maana jina hilo amelitolea jasho. Ni mtu wa kuvaa mkanda na bado akaishika suruali kwa mkono. Miwani anayo ya usoni na ya mfukoni. Mwavuli mmoja uko nyumbani, mwingine mlangoni pa ofisi, na hata jua likiwaka la kupasua kichwa atakuuliza wako uko wapi. Ukimcheka anakutazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyetaka kupimwa.

Yeye ndiye mkuu wa kompyuta katika bohari kubwa ya dawa. Zahanati za karibu na za mbali huagiza dawa zao hapo kupitia mfumo wa kompyuta. Mfumo ukilala, maboksi yanabaki yamepangwa hadi darini na wagonjwa wanarudi nyumbani mikono mitupu. Zamani kumbukumbu zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja iliyowekwa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na choo. Sasa siku choo kilipofurika, jamani, yasikupate! Mzee Akiba alikunja suruali akaingia na ndoo, akatoka akiwa hatamaniki, na hapo hapo akala kiapo kwamba hayatatokea tena.

Akamganda Mkurugenzi asubuhi na jioni mpaka mama wa watu akasalimu amri. Kumbukumbu zikahamishiwa kwenye kile wanachokiita wingu, ambalo halina mvua wala ngurumo: ni kompyuta za kukodi zilizo kwa watu, wewe unazifikia kwa mtandao tu. Lakini wingu la kituo kimoja lingemtosha nani? Akataka vituo viwili, kimoja mji huu huu na kingine mji wa mbali kabisa, ng'ambo ya milima. Kila dawa inayoandikwa huku inanakiliwa kule papo hapo. Kituo cha kwanza kikipatwa na moto au mafuriko, kazi inahamia cha pili na zahanati hazijui hata kama kuna jambo limetokea.

"Hicho cha pili kimekaa tu," Mkurugenzi alinung'unika. "Sijawahi kukiona kikifanya kazi."

"Siku utakapokiona kinafanya kazi, mama, utatamani usingekiona."

Basi, mtu makini hivyo, likizo ilimshinda. Mwaka baada ya mwaka alikuwa na sababu. Ikafika siku binti yake, aliyeolewa mji mwingine, akajifungua salama. Mjukuu wa kwanza! Mkewe alikuwa keshafunga begi kabla habari haijapoa.

"Baba watoto, tunaondoka lini?"

"Na mfumo je?"

"Si una vituo viwili?"

"Ninavyo."

"Vya nini sasa, kama huwezi kwenda kumwona mjukuu wako?"

Hapo akakubali. Kesho yake akaenda kuomba ruhusa, na Mkurugenzi, ambaye si mtu wa kupelekwapelekwa, akamwekea sharti. Watakizima kituo cha kwanza makusudi, mchana kweupe, kazi ihamie cha pili, na yeye Mzee Akiba asiguse kitu. Mambo yakienda sawa, likizo yake hiyo. Yakienda mrama, atabaki, maana dawa za watu hazichezewi.

"Hilo nalo la kuuliza?" alijibu, kifua mbele.

Kazi akakabidhiwa msaidizi wake, mama mmoja wa makamo ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi kwa sababu ya mdomo wake. Akampa maelekezo yote, hatua kwa hatua. Siku ya jaribio Mkurugenzi alimketisha Mzee Akiba ofisini kwake, akamnyang'anya simu, akaitia kwenye droo na kuifunga.

"Leo umesafiri," alimwambia. "Hupatikani."

Mzee Akiba akakunja nne, akaanza kusifia pazia. Haukupita muda, droo ikalia. Akainuka.

"Kaa. Umesafiri."

Droo ikalia tena. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka kwenye paji la uso. Ilipolia mara nyingine alikuwa keshafuta miwani ya usoni na anafuta ya mfukoni. Mara mlango ukafunguliwa pasipo hodi, Shangazi huyo, kanga begani na hasira usoni.

"Kituo cha kwanza tumekizima. Cha pili hakifunguki! Kinataka namba ya siri. Kila nikiomba, kinasema kimeshaituma."

"Kimeituma wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

Wote watatu wakaitazama droo.

Ndiyo hayo! Bwana wa miavuli miwili, aliyepeleka nakala ng'ambo ya milima, alikuwa ameufunga mlango wa kituo cha pili kwa ufunguo mmoja tu, nao unaletwa kwenye simu moja, ndani ya mfuko wa shati la binadamu mmoja anayepata mafua kama wewe na mimi.

"Kwa hiyo ukifa, kaka," Shangazi alisema, "tukufukue tukuombe namba?"

Mkurugenzi aliangua kicheko mpaka akatafuta leso. Kisha akaacha kucheka, maana simu za zahanati zilikuwa zimeanza kumiminika, akaamuru kituo cha kwanza kiwashwe upesi. Mzee Akiba uso ulimshuka. Jioni alipomwambia mkewe kwamba safari haipo, mkewe hakupayuka. Alisema tu kwamba begi hatalifungua, akalisogeza mlangoni, na kila alipopita pale Mzee Akiba alilazimika kuliruka.

Tuseme ukweli, maana mtu mwenyewe hatausema. Kuwapa wengine ile namba hakusahau. Aliipenda. Alipenda simu ilie yuko mezani, ainuke na kijiko mkononi, atoke uani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Msiguse kitu, subirini mimi!" Akirudi chakula kimepoa, analalamika, na huku moyoni anachekelea. Kumpa mtu mwingine ufunguo ule ilikuwa kama kumgawia mtu kipande cha jina lake.

Lakini mjukuu ni mjukuu. Akakaa na Shangazi, akamfundisha hata yale aliyokuwa akiyaficha, na namba ya siri ikaelekezwa kwenye simu ya Shangazi na ya mhasibu pia. Wakarudia jaribio. Alikaa tena kwa Mkurugenzi, simu ndani ya droo, na safari hii droo ilinyamaza kimya. Shangazi aliingia, na hodi alipiga, akasema wamehama na kazi inaendelea. Kila mtu akapiga makofi. Mzee Akiba naye alipiga, akitabasamu kwa meno tu.

Huko kwa binti yake alimbeba mjukuu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Aliikagua kama ina chaji. Aliikagua kama sauti iko juu. Ikafika mahali akamwomba binti yake ampigie kutoka jikoni, apate kuhakikisha kwamba inaita.

"Baba, inaita vizuri," binti alisema. "Ni vile tu hakuna anayekutafuta."

Hatimaye Shangazi akapiga. Mzee Akiba aliruka juu, akamkabidhi mtoto kwa mkewe, akakohoa kusafisha koo.

"Kuna nini? Msiguse kitu!"

"Hakuna kitu, kaka. Nakusalimia. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Na mfumo?"

"Mzima. Aa, juzi kituo cha kwanza kilishika moto, huko kwa wenyewe, tukahamia cha pili. Mpaka sasa tuko huko. Dawa zinatoka kama kawaida, zahanati hazina habari."

"Juzi! Mbona hamkunipigia?"

"Tukupigie tukwambie nini? Wewe uko likizo. Haya, tubusie mtoto."

Akakata. Mzee Akiba alikaa chini taratibu, macho yamemjaa maji. Mkewe alimlaza mtoto, akarudi kwenye rundo la nepi alilokuwa akilikunja.

"Kuna msiba?"

"Moto ulitokea. Wamehama. Kila kitu kimekwenda sawa."

"Mungu ashukuriwe. Sasa unalia nini?"

"Hawakunihitaji," alisema. "Hata kunipigia hawakunipigia."

Mkewe alikunja nepi moja, akaiweka juu ya nyingine.

"Huyu binti yako alipokuwa mdogo, akashikwa na degedege, nilikupigia," alisema. "Ulikuwa kwenye kompyuta zako, hukupokea. Nikamwita jirani. Mara ya pili sikukupigia, nilimwita jirani moja kwa moja. Paa lilipovuja nilimwita shemeji. Mwanzoni nilikuwa nalia, baadaye nikazoea. Nyumba ile imekwenda miaka yote hiyo bila wewe, baba watoto, na ilikwenda vizuri. Hukujua tu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mzee Akiba alilia waziwazi mbele ya mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu walipomwoza binti yao, na mkewe akamwacha alie. Kisha Mzee Akiba akavuta kiti karibu na mkewe, akachukua nepi, akaikunja. Alikosea. Mkewe aliikunjua, akamwonyesha tena tangu mwanzo.